Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Mto Mkondoa na Tuta la Kilosa

Kwa Waheshimiwa viongozi wa wilaya, wakuu wa reli, wahandisi wa maji, na wabunge na madiwani mnaotusemea.

Waheshimiwa,

Naomba idhini yenu niseme nanyi hadharani juu ya jambo ambalo katika mji wetu hupata kusemwa mara mbili tu: siku maji yanapoingia majumbani, na siku kiongozi anapokuja kuwapa pole walioingiliwa. Jambo hilo ni tuta la Mto Mkondoa, lile boma la udongo lililowekwa baina ya mji wa Kilosa na mto wake, ambalo watu wamelala nyuma yake miaka mingi kwa imani kubwa kuliko inavyostahili kitu kisichokuwa na mwangalizi. Nimechagua kuandika wakati wa kiangazi, mto ukiwa mwembamba hata watoto wanauvuka kwa miguu, kwa sababu maneno yasemwayo wakati wa gharika hupokewa kuwa kilio, na kilio hujibiwa kwa mahema na unga. Bali maneno ya kiangazi huenda yakapokewa kuwa hoja, na hoja haijibiwi ila kwa hoja au kwa kazi.

Mto wetu hauanzi kwetu. Asili yake ni nchi kavu ya Dodoma, ambako huitwa Kinyasungwe. Hukusanya makorongo ya Kongwa na Mpwapwa, ukapita Gulwe na Godegode, ukajipenyeza Kidete katikati ya milima ya Rubeho upande wa kusini na ya Ukaguru upande wa kaskazini, kisha ukachomoza Kilosa, mahali milima inapoachana na uwanda unapofunguka. Na kutoka hapa huendelea hadi kuwa Wami, ambao humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Bagamoyo. Mtu akiifuata safari hiyo kwa makini ataona mambo mawili ambayo kila mkazi wa hapa anayajua hata kama hakupata kuiona ramani. La kwanza ni kwamba maji yanayotuzamisha aghalabu yamenyesha kwa wengine, hata hutokea jua likawa linawaka Kilosa na watu wameanika mpunga wao, ilhali mto unapanda na kubadili rangi kwa mvua ambayo hapana mmoja wetu aliyeliona wingu lake. La pili ni kwamba mto ukiwa milimani una nguvu ya kubeba, na unabeba udongo wa mashamba na wa malisho yaliyokwisha miti. Lakini ukifika uwandani nguvu huuishia, ukautua mzigo wake papa hapa, mbele ya milango yetu.

Njia hii ya maji ndiyo iliyokuwa njia ya watu tangu zamani. Misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji ililifuata bonde hili. Stanley alipita huku mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone, na aliporudi mwaka 1872 alikuta masika yamezifunika nchi hizi, ikambidi yeye na wapagazi wake wapite majini mahali walipokuwa wamepita pakavu. Wajerumani nao, walipoanza kuijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, waliona kuwa garimoshi haliwezi kupanda mlima mkali, wakailaza njia yao ubavuni mwa mto kutoka Kilosa kwenda Gulwe. Kwa uamuzi ule mmoja, mto, reli na mji vikafungwa pamoja, kila kimoja kikawa mdhamini wa mwenzake; na Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaja wakaondoka, Uhuru ukapatikana, lakini kazi ya kuitengeneza njia baada ya masika ikabaki kuwa urithi ambao kila serikali humwachia anayefuata.

Sasa niseme juu ya kumbukumbu za watu, maana ndizo hujja yangu kubwa. Ukikaa barazani na watu wazima wa mji huu, ukawauliza khabari za maji, hutasikia masimulizi ya hofu peke yake kama inavyodhaniwa, utasikia vipimo. Huyu atakwambia kuwa katika mvua za Elinino, mwaka 1997 kuingia 1998, maji yaliishia kizingitini pake na hayakuingia. Yule atakuonyesha kitasa cha mlango na kusema kuwa mwaka 2009 yalifika hapo. Wa tatu atakutajia kichochoro ambacho maji hutangulia kukiingia kila mara, na mwembe ambao, ukishaona shina lake limezungukwa, imekupasa kuwatoa watoto bila kungoja kuambiwa. Watu hawa wamekuwa wapima ardhi bila ya ala na bila ya mshahara. Wakitoweka wao, na vipimo vyao vimetoweka, kwa kuwa hapana ofisi yoyote iliyopata kuja na kalamu ikavinakili.

Katika siku za mwisho za Desemba 2009, na kuendelea mpaka Januari 2010, mto ulilivunja tuta ukaingia mjini na katika vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 20,000 wakakosa makao. Reli baina ya Kilosa na Gulwe ikang'olewa mahali pengi, hata abiria wa bara wakawa hawana budi kwenda Dodoma kwa mabasi ili wakapandie garimoshi huko. Hayo yaliandikwa magazetini na nyote mnayafahamu. Lakini gazeti halikusema namna nyumba ya matofali mabichi inavyokufa, na ni vyema anayepanga bajeti ya udongo ajue udongo unavyofanya. Maji yakishaingia, nyumba haianguki papo hapo. Husimama muda ikamdanganya mwenyewe. Kwanza lipu ya chini hubanduka vipande vipande, halafu tofali za msingi huanza kulainika na kurudi kuwa tope lile lile zilikofinyangwa. Pembe hufunguka kidogo, mlango ukakataa kufunga, na mwenye nyumba, ambaye alikuwa angali anahamisha magunia ya mahindi kuyapandisha juu ya kitanda, husikia mlio mzito usiofanana na mlio mwingine wowote. Ukuta hukaa chini taratibu, na paa la mabati hushuka likatulia juu ya kifusi likiwa zima, kana kwamba mtu amelivua na kuliweka. Siku maji yalipopungua, mitaa mingine ilikuwa na mapaa yaliyolala chini, na mahindi yaliyookolewa yakawa yameota ndani ya magunia.

Watu walikimbilia wapi siku zile? Wengi walikimbilia mahali palipoinuka, na katika uwanda kama wetu mahali palipoinuka ni kazi ya mikono ya watu: kingo za reli, sehemu za tuta zilizokuwa hazijavunjika, na viwanja vya majengo ya umma. Liangalieni jambo hili kwa nadhari, Waheshimiwa. Tuta lilikuwa kinga lilipokuwa zima, na lilipovunjika mahali pamoja, pale palipobaki palikuwa kimbilio. Kwa hiyo lina kazi mbili, na mjenzi wake alipaswa kulijengea zote mbili, kwa upana wa kutosha watu kusimama na njia ya mzee na mgonjwa kupandia, badala ya kulifanya mgongo mwembamba unaopandwa na wenye nguvu peke yao.

Nimesema kuwa lilivunjika mahali pamoja, na hapa ndipo ilipo siri ya matuta yote duniani. Tuta, mfano wa mashua, halihesabiwi kwa ubora wa mbao zake zilizo nyingi. Huhesabiwa kwa tundu lake moja. Mkiliimarisha kwa mawe na nyavu za waya karibu na daraja, ambapo wageni huletwa kutazama, kisha mkaacha hatua kumi tu huko mbali pamebonyea kwa kukanyagwa, maji yatayapita mawe yenu kwa heshima na kuingilia pale penye bonyeo. Na bonyeo hizo, kwa insafu, si serikali iliyozifanya, tumezifanya sisi. Sisi ndio tulioukata ukingo ili tupate njia fupi ya kuteka maji. Ng'ombe zetu ndio wanaoshukia hapo hapo kila jioni. Magari ya mchanga yamejichimbia mteremko wake. Wako waliopanda mihogo na mboga ubavuni mwa tuta kwa sababu udongo wake ni laini, na kila wanapovuna huondoka na sehemu ya ukuta unaolinda nyumba zao wenyewe. Panya nao wamechimba, wala hawana wa kuwakataza. Makosa haya hayafanywi kwa uadui. Hufanywa kwa sababu kitu kisichokuwa na mwenyewe huonekana kuwa ruhusa kwa kila mtu.

Liko na jambo jingine, gumu zaidi kuonekana kwa macho. Maadamu mto huleta mchanga kila mwaka na kuutua hapa, sakafu yake hupanda. Na sakafu ikipanda, maji yale yale ya kiasi cha jana hufika juu zaidi leo. Tuta linaweza kubaki na urefu ule ule liliojengewa, lisiguswe na jembe la mtu wala kwato ya mnyama, na bado likawa fupi kuliko lilivyokuwa, kwa kuwa mto umelipandia. Mhandisi anayelikagua tuta kwa kulitazama tuta lenyewe, bila ya kupima sakafu ya mto, atarudi na ripoti njema, na ripoti hiyo itakuwa kweli kwa kila neno isipokuwa kwa lile tunalolihitaji.

Juu zaidi, Kidete, palikuwa na bwawa lililojengwa zamani kuyavunja makali ya mto kabla haujafika kwetu. Bwawa lile liliharibika, na khabari za kulijenga upya zimesemwa katika mikutano na bungeni kwa miaka mingi hata zimekuwa kama hadithi ya wakati wa kulala. Sitaki kurefusha maneno juu yake. Natia tu yakini kwamba mji ulioondolewa kinga yake ya juu ulistahili kuzidishiwa uangalizi wa kinga yake ya chini, na haukuzidishiwa.

Na kwa nini haukuzidishiwa? Nimeliwaza swali hili kwa muda, nikaona jibu lake halimo katika ukatili wala katika uvivu wa mtu fulani. Limo katika mgawanyo. Mto una mwenyewe, ambaye kazi yake ni kugawa maji na kutoa vibali. Reli ina mwenyewe, ambaye huutazama mto pale tu unapoigusa njia yake. Ardhi ya mji ina mwenyewe, ambaye hupima viwanja na kukusanya kodi. Na maafa nayo yana mwenyewe, ambaye hufika na mahema baada ya jambo kutimia. Tuta limelala katikati ya wote hao, likigusa mpaka wa kila mmoja bila ya kuwa ndani ya mpaka wa yeyote. Siku ya gharika wote huja, na magari yao hujaa uwanjani, na kila mmoja hufanya kazi yake kwa bidii ambayo ningekuwa mkosefu wa fadhila kama nisingeishukuru. Bali katika miezi ya kiangazi, wakati ambapo mtu mmoja mwenye koleo na mkokoteni angeweza kuziba bonyeo kwa kazi ya asubuhi moja, hapana hata mmoja anayeweza kuulizwa, wala hapana atakayekuwa amekosa akikaa kimya.

Naijua jawabu mtakayonipa kwanza: fedha hazitoshi. Nakubali kuwa nchi ina haja nyingi. Lakini hesabu ya ukosefu wa fedha hufanywa upande mmoja tu wa daftari. Upande wa pili umeandikwa reli iliyong'olewa, garimoshi lililosimama, shule zilizogeuzwa makambi, chakula cha msaada, dawa za kipindupindu, na mavuno ya mwaka mzima wa wakulima. Fedha hizo zote hupatikana, na hupatikana upesi, kwa jina la maafa. Naomba sehemu yake ndogo ipatikane mapema kwa jina la matengenezo.

Jawabu ya pili ni kuwa watu wahame bondeni. Wako waliohama, wakapewa viwanja palipoinuka, na walio na uwezo walifanya vyema kukubali. Ila mji si nyumba peke yake. Hapa ndipo ilipo stesheni, soko, hospitali na mahakama. Hapa ndipo penye udongo mweusi ambao mto wenyewe umeuleta, unaootesha mahindi na mpunga bila ya mbolea. Na mkulima aliyehamishiwa mlimani hushuka kila siku kulima bonde, akajenga kibanda cha kulindia ndege, kibanda kikawa jiko, jiko likawa nyumba. Reli mpya ya kisasa, ambayo tangu mwaka 2024 inachukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma, imeweza kuhama: wahandisi wake walizingatia tabia ya mto, wakaipandisha juu, wakaipitisha katika mahandaki na juu ya madaraja marefu, na kwa hekima hiyo nawapongeza. Uamuzi wao ni ushahidi, uliotiwa sahihi kwa saruji na chuma, kwamba nchi inajua fika bonde hili lina hatari gani. Basi yale yaliyotambuliwa kwa ajili ya msafiri anayepita dakika chache, yatambuliwe pia kwa ajili ya mkazi anayelala hapa usiku kucha.

Baada ya hoja, haja zangu ni chache, na kila moja inaweza kuanza kabla ya mvua zijazo.

Ya kwanza, na ndiyo mama wa nyingine zote: tuta lipewe mwenyewe. Ofisi moja, itakayotajwa kwa maandishi na kutangazwa kwa wananchi, iwe na dhamana ya urefu wote wa tuta, mjini na vijijini. Iwe na waangalizi wa kulipwa, waliochaguliwa katika mitaa iliyo nyuma yake, watakaolitembea mwanzo hadi mwisho kila mwezi wa kiangazi na kila siku ya masika. Iwe na fungu la fedha lisiloweza kuhamishwa. Na iwe na mamlaka ya kukataza njia, kilimo na machimbo ya mchanga, pamoja na wajibu wa kuwajengea watu ngazi za mawe mahali panapofaa kuvukia, kwa sababu marufuku isiyompa mtu njia nyingine ya kuteka maji haitadumu wiki mbili.

Ya pili, wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tuta na mto viandikiwe daftari. Wapima ardhi wakae na wazee wa kila mtaa, waonyeshwe kitasa, kizingiti na shina la mwembe, wavigeuze vipimo hivyo vya ukumbusho kuwa vipimo vya sayansi, kisha nguzo zisimikwe mitaani zikiwa na alama ya maji ya kila gharika na mwaka wake, ili anayenunua kiwanja aone kwa macho yake, na anayejenga tuta asijenge chini ya alama. Katika daftari hilo hilo iandikwe kila mwaka sakafu ya mto imepanda kiasi gani, na tuta liinuliwe, au mchanga uondolewe, kwa kadiri hiyo.

Ya tatu, khabari zishuke mapema kuliko maji. Yupo mtu Gulwe, yupo Godegode, yupo Kidete, na kila mmoja ana simu mfukoni. Kinachokosekana ni amri ya kumwambia nani, na huyo naye ampigie nani. Mpokeaji wa khabari ajulikane kwa jina lake, awe macho usiku na mchana katika majira ya mvua, na vipaza sauti vya misikiti na kengele za makanisa viruhusiwe kumtumikia, kwa maana hivyo husikika mbali.

Ya nne, tuambiwe katika baraza la hadhara, pasipo mafumbo, mambo ya bwawa la Kidete na ya kuihifadhi milima unakotoka mchanga wa mto yamefikia wapi, na kama yamekwama, yamekwama kwa nani.

Kwa upande wetu, tuko tayari kuacha kulima ubavuni mwa tuta, kuzihamisha njia za mifugo, na kutoa nguvu zetu siku za kazi ya umma. Lakini wajibu wa raia huwa na mashiko pale anapojua anamsaidia nani, na hatuwezi kumsaidia asiyekuwapo.

Nawaalika, Waheshimiwa, mchague siku moja kabla ya vuli, mje bila ya msafara mkubwa, mkiwa na viatu vya kutembelea na kipimio cha usawa wa ardhi, tulitembee tuta pamoja mwanzo hadi mwisho. Wanaoweza kuwaonyesha mahali maji yalipopasua mwaka 2009 wangali hai, na baadhi yao wangali na nguvu za kutembea. Miaka kumi ijayo sina hakika ya wangapi. Tupeni tarehe, nasi tutawaleta.

Nabaki mtiifu wenu, mwenye kuwatakia afya na busara,

Mkazi wa Kilosa